Fahali wa Siti na Usukani

Chukua siti ya baiskeli kuukuu, ile ya ngozi, iliyochongoka mbele na kutanuka nyuma. Itundike ukutani ncha yake ikitazama chini. Kisha chukua usukani uliopinda, uuweke juu ya siti, mikono yake ikielekea juu. Usikate kitu, usikunje kitu, usiongeze hata tonge la udongo. Rudi nyuma hatua chache utazame: pua ndefu, paji pana, pembe mbili. Ni fahali, na anakukazia macho ingawa macho hana.

Pablo Picasso, Mhispania aliyeishi Ufaransa, aliviunganisha vitu hivyo viwili Paris mwaka 1942. Kichwa hicho cha fahali kina kimo cha sentimita 33 na nusu na upana wa sentimita 43 na nusu. Mtu anaweza kukibeba kwapani akapanda nacho daladala. Baadaye kilisubiwa kwa bronzi, na hapo ndipo habari ninayotaka kuisimulia inapoanza, kwa sababu siti ikishakuwa bronzi haiwi tena siti kwa namna ileile.

Mimi ni mwalimu wa sanaa, na nimekulia kwenye baiskeli. Baba yangu alikuwa fundi Tabora, chini ya mwembe, na spana zake alizipanga juu ya gunia. Siti za ngozi zilizopasuka alizishona kwa shazia na uzi uliopakwa nta, halafu akazining'iniza kwenye misumari ya shina la mwembe zikisubiri wenyewe, ncha zote zikitazama chini. Sukani zilizopinda kwa ajali zilirundikwa pembeni. Ng'ombe wa Wanyamwezi na Wasukuma walipita hapo kila jioni wakirudi zizini, wakiwa na pembe zao ndefu, hatua chache tu kutoka kwenye zile siti. Vyote viwili tulikuwa navyo mbele ya macho yetu, na hakuna aliyewahi kuvikutanisha.

Kwa hiyo nilipokwenda Ufaransa kumtembelea dada yangu, naye akanipeleka kwenye Jumba la Makumbusho la Picasso katika eneo la Marais, sikuhitaji kusoma kibao. Kilichopo pale ni kile cha asili, cha ngozi na chuma chenyewe. Niliitambua siti kwanza: ngozi iliyokakamaa kwa jasho na jua, na umbo lililobeba uzito wa mtu nisiyemjua kwa miaka nisiyoijua. Halafu siti ikatoweka, fahali akatokea. Nikapepesa macho, siti ikarudi. Nilisimama pale nikimfukuza fahali na kumwita tena, hadi dada akauliza kama naumwa.

Kwenda na kurudi huko kwa jicho ndiko kulikomfanya Picasso akithamini kitu hiki. Brassaï, mpiga picha aliyekuwa akienda karakana ya Picasso kuzipiga picha sanamu zake wakati wa vita, ameandika jinsi alivyosimuliwa. Picasso aliikuta siti katika lundo la takataka, karibu na usukani wenye kutu, na kabla hajawaza lolote viwili hivyo vilikwisha kuungana kichwani mwake. Kazi ya mikono ilikuwa kuvishikiza tu. Kisha akazungumzia bronzi yenyewe. Uzuri wake, kwa maelezo yake, ni kwamba inavifanya vitu vya asili tofauti kabisa kuwa mwili mmoja, hata ukashindwa kutambua vilitoka wapi. Na hatari yake ni hiyohiyo. Mtazamaji akiona fahali peke yake, asione siti wala usukani, sanamu inakuwa imepoteza maana.

Aliwahi hata kusema, vita vilipokwisha, kwamba angefurahi kama sanamu ile ingetupwa jalalani, kisha siku moja apite mtu, aiokote na kuona kuwa inamfaa kwa usukani wa baiskeli yake. Hapo mgeuzo ungekuwa umefanyika mara mbili: baiskeli ikawa fahali, fahali akawa baiskeli.

Nimekuwa nikiyarudia maneno hayo darasani kwa miaka mingi, kwa sababu yanagusa jambo ambalo wanafunzi hulikosa. Wakiona sanamu iliyotengenezwa kwa vitu vya kawaida, hudhani ustadi umo katika kuvificha. Hujitahidi kijiko kisionekane kijiko. Wanapaka udongo juu, wanapaka rangi, wanakata ncha, na mwisho wanapata ndege wa kawaida ambaye tumboni ana kijiko kisichojulikana kwa yeyote. Kijiko cha namna hiyo kimepotea bure. Ndege mzuri wa kijiko ni yule anayekufanya, siku ya pili mezani, ukitazame kijiko chako kwa wasiwasi kidogo.

Bronzi ni nini hasa? Ni shaba nyekundu iliyochanganywa na madini ya bati, yaani bati lenyewe linalochimbwa ardhini, tofauti na mabati ya kuezekea ambayo ni chuma. Kipimo cha kawaida ni sehemu tisa za shaba kwa sehemu moja ya bati. Sisi wasomaji wa Kiswahili tunaishi juu ya vyote viwili: shaba ipo Katanga, ambako karne nyingi zilizopita watu waliisubu kuwa misalaba midogo iliyotumika kama fedha, na bati linachimbwa Kyerwa, mkoani Kagera. Shaba peke yake ni laini, tena ni ngumu kuisubu vizuri. Ukiitia bati inakuwa imara zaidi, inayeyuka kwa joto la chini zaidi, na inaingia katika kila mkunjo wa kalibu. Ndiyo maana wachongaji wameipenda kwa maelfu ya miaka: inanakili hata alama ya kidole.

Njia ya nta, ambayo ndiyo inayotumika sana kwa sanamu ndogo, huenda hivi. Kitu cha asili, tuseme ile siti, hufunikwa kwa mpira laini au plasta ili kupata umbo lake kinyumenyume. Ndani ya umbo hilo hupakwa nta iliyoyeyushwa, tabaka jembamba la milimita chache tu, na katikati hujazwa kiini cha udongo au plasta ili sanamu iwe na uwazi ndani, isiwe nzito kama jiwe. Sasa una siti ya nta. Fundi huikagua kwa sindano na kisu chenye moto, akiziba tundu na kurudisha mshono uliopotea. Huongezewa mirija ya nta, mingine ya kupitishia madini na mingine ya kutolea hewa. Vyote hufunikwa kwa tabaka za udongo maalumu unaostahimili moto, kisha huingizwa tanurini. Nta inayeyuka na kutoka yote. Panapobaki wazi ndipo bronzi humiminwa, ikiwa imepashwa hadi takriban nyuzi 1,100 za Selsiasi, nyekundu inayokaribia manjano. Ikipoa, kalibu huvunjwa kwa nyundo, mirija hukatwa, mishono husuguliwa. Mwishoni huja rangi: bronzi hupashwa moto huku ikipakwa chumvi za madini zilizoyeyushwa majini, chumvi ya chuma ikileta hudhurungi, ya shaba ikileta kijani.

Fikiria sasa kilichoipata ile siti. Ngozi ilikuwa laini, usukani ulikuwa mgumu. Ngozi ilikuwa na rangi yake na chuma kilikuwa na kutu yake. Ukivigusa ungejua mara moja kuwa hivi ni vitu viwili vilivyokutanishwa. Katika bronzi vyote vina rangi moja, baridi moja na uzito mmoja, na vinazeeka pamoja. Vinyweleo vya ngozi bado vipo, vimenakiliwa, lakini sasa ni vinyweleo vya fahali pia. Bronzi imemfanya mnyama awe mzima, imemtoa katika mzaha wa kupachika. Ila ikienda mbali kidogo zaidi, fundi akisugua sana na kupaka rangi nzito, siti inamezwa. Kusubu sanamu ya namna hii ni kutafuta mahali ambapo mnyama ameshazaliwa na kitu hakijafa.

Ni vema pia tuukumbuke wakati wenyewe. Mwaka 1942 Paris ilikuwa chini ya majeshi ya Ujerumani. Petroli haikupatikana kwa raia, magari yalikuwa machache, na mji mzima ulikuwa juu ya baiskeli, hadi teksi zikawa za kuvutwa kwa baiskeli. Siti na usukani havikuwa vitu vya makumbusho. Vilikuwa riziki ya watu. Na bronzi ilikuwa ikiwindwa: kuanzia mwaka 1941 sanamu za barabarani na kwenye bustani za Paris zilishushwa kwa wingi na kuyeyushwa, madini yake yaende kwenye viwanda vya vita. Katika mji huo huo, sanamu za plasta za Picasso zilitolewa karakana yake ya mtaa wa Grands-Augustins usiku, zikasukumwa kwa mikokoteni hadi kwa wasubu, na kurudishwa zikiwa bronzi. Mashujaa na wanafalsafa wa Ufaransa waliyeyushwa kuwa silaha, na siti ya baiskeli ikapewa madini yaleyale ili iishi.

Kuna jambo jingine la mwaka ule. Mwezi Machi alifariki Julio González, Mhispania mwenzake, fundi chuma aliyemfundisha Picasso kuchomelea zaidi ya miaka kumi kabla. Mwezi uliofuata Picasso alichora picha za fuvu la fahali, nzito na za giza, na baadhi ya wasomi wanaona kichwa hiki kuwa ni sehemu ya maombolezo hayohayo. Mimi naona wana haki. Kumwomboleza fundi chuma kwa vyuma ambavyo hakuna aliyeviona kuwa na thamani ni heshima inayostahili, na mtu aliyekaa na mafundi ataielewa haraka.

Baada ya vita Picasso alihamia kusini, Vallauris, mji wa wafinyanzi. Françoise Gilot, mchoraji aliyeishi naye na kuzaa naye watoto wawili, ameeleza jinsi Picasso alivyokuwa akitembea kwenda karakana kila siku, akipita jalala njiani. Alikuwa akiokota. Gilot alimfuata na kigari kikuukuu cha mtoto, na Picasso akawa anatupia humo chochote kilichomvutia. Kutoka jalala hilo na karakana hiyo zilitoka sanamu ninazozipenda kuliko zote alizofanya.

Iliyo karibu zaidi na moyo wangu ni ya mwaka 1951, nyani jike aliyembeba mwanawe kifuani, kimo chake ni zaidi kidogo ya nusu mita. Claude, mtoto wa Picasso, aliyekuwa na umri wa miaka minne, alikuwa amepewa magari mawili ya kuchezea na mfanyabiashara wa sanaa Daniel-Henry Kahnweiler. Baba akayachukua. Gari moja aliliweka kama linavyokaa barabarani, la pili akalipindua chini yake, matumbo kwa matumbo. Boneti ikawa pua ndefu ya nyani. Kioo cha mbele kikawa macho. Nafasi iliyobaki kati ya gari na gari ikawa mdomo, mdomo mpana wenye tabasamu la mama anayejivunia. Kiwiliwili ni chungu kikubwa cha duara, na vishikio vyake ndivyo mabega. Mkia ni kipande kirefu cha chuma cha springi ya gari, kimeteremka hadi chini. Mtoto wa nyani alifinyangwa kwa mkono na amemng'ang'ania mama yake shingoni.

Nimewaonyesha picha ya nyani huyu watoto wa darasa la tatu na wazee wa miaka sabini. Wote hufanya jambo lilelile: hucheka, kisha hunyamaza na kuchunguza, kisha mmoja hupiga kelele, “Lile gari!” Na tangu hapo hawawezi tena kutoliona gari. Lakini nyani haondoki, na hapo ndipo bronzi ilipofanya kazi yake kikamilifu. Bati la gari la kuchezea, udongo wa chungu na chuma cha springi vingeachwa katika asili yake vingepiga kelele kila kimoja kwa sauti yake. Bronzi imevipa ngozi moja, na bado magari yamebaki yakitambulika.

Mbuzi aliyemtengeneza mwaka 1950 ni habari nyingine. Huyu ni mkubwa, mita 1.2 kwenda juu, ana mimba, na alizaliwa kwa njia iliyo kinyume. Kwa fahali, vitu vilikuja kwanza na mnyama akafuata. Kwa mbuzi, Gilot anasema, wazo lilikuja kwanza: Picasso alitaka mbuzi, ndipo akaenda kutafuta vitu. Kapu la matete likawa mbavu na tumbo. Kuti la mti wa jamii ya mtende alilokuwa ameliokota ufukweni zamani likawa mgongo na paji la uso. Mitungi miwili ya udongo ikawa kiwele. Vikonyo vya mzabibu vikawa pembe. Halafu plasta ikapakwa kuunganisha vyote, na plasta ilikuwa nyingi. Ni mbuzi wa ajabu, mwenye mifupa inayochomoza na tumbo linaloelemea, na yeyote aliyefuga mbuzi atamjua. Baadaye katika bustani ya Picasso aliishi mbuzi wa kweli, jina lake Esmeralda, pamoja na huyo wa bronzi. Hata hivyo, nikiwaweka pamoja, namchagua nyani. Kapu ndani ya mbuzi limezama, mpaka uelezwe ndipo ulione. Magari ya nyani hayahitaji maelezo.

Katika miaka hiyo alimfanya pia korongo ambaye mkia wake ni koleo na nyayo zake ni uma za mezani, akasubiwa kwa bronzi na kupakwa rangi. Na mwaka 1945 alikuwa ameshafanya jambo jepesi kuliko yote: alichukua kichomeo cha jiko la gesi, akakisimamisha wima, akakiita Venus. Hakugusa kitu kingine. Ukikitazama, ni mwanamke mwenye tumbo na makalio kama vile vinyago vya kale vya uzazi. Sijui kazi nyingine ya sanaa iliyohitaji nguvu kidogo hivyo za mikono na nguvu nyingi hivyo za macho.

Joan Miró, Mkatalunya wa Barcelona, aliingia njia hii akiwa mtu mzima sana. Alizaliwa 1893, na bronzi zake nyingi za vitu vilivyookotwa ni za kuanzia miaka ya 1960, alipokuwa amepita miaka sabini. Alitembea mashambani na ufukweni akiokota: mizizi, mabaki ya viti, vibuyu, mabomba. Vitu vilipangwa sakafuni karakana, vikakaa siku, vikasogezwa, mpaka vikakubaliana. Ndipo vikapelekwa kwa wasubu, Parellada kule Barcelona au Clementi na Susse karibu na Paris. Mwaka 1967 alifanya sanamu ambayo mwili wake ni ubao wa kupigia pasi, kichwa chake ni kofia ya majani ya kuvalishwa punda, mbele lipo gamba la kobe, na nyuma amewekewa mipira miwili ya miguu kuwa makalio. Mwaka huohuo alifanya msichana anayetoroka: miguu ya mwanasesere wa dukani, nyekundu, na kichwani bomba la maji. Hizi alizipaka rangi kali zinazong'aa, nyekundu, manjano na buluu.

Miró hakutafuta kufanana. Ubao wa pasi haufanani na mwili wa mwanamke, na yeye hakutaka ufanane. Alitaka viumbe ambao hawajawahi kuwapo, na kwa hiyo vitu vyake havipigani na mnyama fulani tunayemjua. Nakiri kwamba ilinichukua muda kuwapenda. Fahali unampata mara moja. Kwa viumbe wa Miró inabidi ukae nao, na rangi zile zinasaidia, maana zinatenganisha tena kile ambacho bronzi imeunganisha: bomba ni la rangi yake, miguu ni ya rangi yake, hakuna kinachofichwa.

Wasomaji wetu wasidhani kazi hii ilianza Ulaya. Waasante wa Ghana kwa karne kadhaa walisubu vipimo vidogo vya uzani vya kupimia vumbi la dhahabu, vingi vyake vikitoshea kiganjani, kwa shaba iliyochanganywa na zinki. Vipo vyenye umbo la samaki, la kinyonga, la kiti, la ngao. Vingine vilitengenezwa bila nta kabisa: walichukua mdudu mwenyewe, au punje ya karanga yenye ganda lake, wakamfunika kwa udongo, wakachoma. Mdudu aliungua akawa majivu, nafasi yake ikabaki, madini yakaingia. Kila mguu na kila mfereji wa ganda upo. Na huko Igbo-Ukwu, Nigeria, mwaka 1938 mtu aitwaye Isaiah Anozie alikuwa akichimba kisima cha maji nyumbani kwake akafukua vyombo vya bronzi vilivyosubiwa takriban miaka elfu moja iliyopita. Miongoni mwa vilivyopatikana pale kuna gamba la konokono mkubwa na bakuli zenye umbo la kibuyu, na juu ya gamba lile fundi ameweka wadudu wadogo wanaotambaa. Kibuyu na konokono, vitu vya jikoni na shambani, vilipewa madini ya thamani kubwa. Wasubu wale walikuwa na jicho lilelile la yule mtu wa Paris, miaka elfu kabla yake.

Kwetu Afrika Mashariki bronzi imezoeleka kwa sura moja: kiongozi au askari aliyesimama juu ya msingi wa mawe. Sanamu ya Askari katikati ya Dar es Salaam, iliyosimamishwa mwaka 1927, ni ya bronzi na ni kazi ya Mwingereza James Alexander Stevenson. Ni sanamu nzuri, lakini imetufundisha kwamba bronzi ni ya kuangaliwa kutoka chini. Siku hizi mambo yanabadilika. Chini ya milima ya Rwenzori, upande wa Kasese nchini Uganda, kuna karakana ya kusubu bronzi ambako vijana wa Uganda wanajifunza njia ya nta kuanzia mwanzo hadi mwisho. Nairobi, Cyrus Kabiru ametengeneza miwani ya ajabu kwa nyaya na vyuma vilivyotupwa, na sanamu kutokana na baiskeli zile wanazoziita Black Mamba. Vyuma hivyo havikusubiwa, vimeunganishwa tu, lakini jicho ndilo lile.

Shuleni kwetu bronzi hatuimudu. Shaba ni ghali na wezi wa nyaya wanaijua bei yake kuliko mimi. Tunachokimudu ni alumini chakavu, na karibu na shule wapo mafundi wanaosubu sufuria kwa kalibu za mchanga ambao wamekubali kutusubia kazi moja moja. Alumini haina uzito wa bronzi wala haizeeki kwa rangi nzuri, ila nayo inaunganisha vitu kuwa mwili mmoja, na hilo ndilo somo.

Sharti la kazi ni moja: kila mwanafunzi alete kitu kimoja au viwili vilivyoharibika kutoka nyumbani, na haruhusiwi kukata wala kukunja. Anaruhusiwa kugeuza, kusimamisha, kulaza na kukutanisha. Wameleta madumu, visahani vya redio, viatu vya matairi, kufuli. Binti mmoja aliisimamisha mbuzi ya nazi kwa miguu yake ya nyuma, kile chuma chenye meno kikaelekea juu, akasema ni ndege wa majini anayemeza samaki, na darasa zima likamkubalia. Mwingine alileta pasi ya mkaa ya bibi yake, ile yenye jogoo mdogo kwenye kufuli ya mbele. Aliilaza mezani akafungua kifuniko. Matundu ya kutolea moshi pembeni yalikuwa magamba tayari, na kifuniko kilikuwa taya. Mamba.

Tulipoipeleka kwa fundi wa sufuria, akauliza swali ambalo sikuwa nimewaandaa wanafunzi kulijibu. Bawaba haisubiwi, alisema. Ikishakuwa alumini, taya halifunguki wala halifungiki tena, kwa hiyo mniambie linakaa wazi kiasi gani. Watoto wakabishana pale karakanani huku tanuri likivuma. Wazi kabisa, alisema mmoja, ili atishe. Mwenye pasi akakataa: kikiwa wazi kabisa inaonekana pasi inayosubiri mkaa. Kimefungwa kabisa, ni pasi inayotumika. Wakajaribu kwa kijiti, wakajaribu kwa kiberiti. Mwishowe mvulana mmoja akaokota gunzi la muhindi alilokuwa ametoka kulitafuna, akaliingiza kati ya taya na taya kwa ubavu, na kifuniko kikatulia juu yake. Mwenye pasi akatazama kutoka mbele, akachuchumaa, akatazama kutoka ubavuni, akamwambia fundi amsubu hapohapo, na jogoo abaki alipo.